Darsa la Ramadhani, Siku ya 9: Baba, na wewe kaa mbele ya simu



Leo tuzungumze jambo la mezani, au la mkekani kwa sisi tunaofuturu chini.

Juzi dada mmoja anayeishi England alinitumia ujumbe wa sauti, na ameniruhusu niueleze bila kumtaja. Ana binti wa miaka 11. Kule watoto hupimwa urefu na uzito shuleni wanapoanza shule ya msingi, na tena mwaka wa mwisho wa msingi. Barua ikaja nyumbani kwamba uzito wa binti umezidi sana kwa umri na urefu wake. Mama akampeleka kwa muuguzi, na muuguzi akawaandikisha katika programu ya familia: mara moja kwa wiki, kwa video, nyumba nzima inakaa mbele ya simu kuzungumza na mshauri. Mama yuko tayari. Binti anaona haya lakini amekubali. Baba amekataa. Anasema, "Mwenye uzito ni yeye, mimi wananiitia nini?" Tena anasema Ramadhani ndiyo hii, mtoto afunge, mwili utapungua wenyewe.

Dada nimemjibu faragha. Ila maneno ya huyo baba nimeyasikia mara nyingi, huku kwetu pia, kwa hiyo tuyatazame vizuri.

Tuanze na "mimi wananiitia nini". Sote tunaijua hadithi ya Ibn Umar, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanamume ametajwa humo kuwa mchunga wa watu wa nyumbani kwake. Sasa hebu niambie, ni mchunga gani anayemwambia mbuzi ajitafutie malisho, kisha anamlaumu kwa alichokula? Mtoto wa miaka 11 haendi sokoni. Hajui bei ya mafuta ya kupikia. Soda ya lita 2 iliyoko kwenye friji hakuinunua yeye. Anakula kilichopikwa, kwa saa tuliyompangia, na anajaza sahani kama anavyotuona tukijaza zetu.

Hili wataalamu wamelifanyia utafiti wa muda mrefu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Leonard Epstein, ambaye amefanya kazi hii kwa miongo mingi. Mwaka 1990 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 10 watoto waliokuwa na umri wa miaka 6 hadi 12 walipoanza. Familia ziligawanywa makundi. Kundi moja mtoto na mzazi walibadilika pamoja, kila mmoja na malengo yake. Kundi jingine lengo lilikuwa mtoto peke yake. Baada ya miaka 10, waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao mzazi alibadilika pamoja nao. Miaka kumi, jamani! Mtoto ameshakuwa kijana mkubwa, na bado athari ya mzazi inaonekana mwilini mwake.

Na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, kimeweka familia katikati ya matibabu. Kinataka zisipungue saa 26 za kukaa na wataalamu, katika miezi 3 hadi 12, na kinapendelea ana kwa ana. Lakini si kila mtu ana kituo karibu, na si kila baba anatoka kazini mapema. Hapo ndipo video inapofaa. Na ina faida yake: mshauri anazungumza na nyinyi mkiwa humo humo chakula kinamopikwa. Akisema "nionyesheni bilauri mnazonywea juisi", mnainuka mnamwonyesha.

Baba huenda anadhani ataitwa kufokewa. Sivyo. Mzazi na mtoto wanaandika kila siku walichokula na walivyotembea au kucheza. Wanachagua lengo dogo la wiki, kwa mfano maji badala ya soda siku za shule. Mzazi anafundishwa kusifu jema alilofanya mtoto badala ya kumtaja kila anapokosea, na zawadi isiwe chakula. Vya kutamanisha vinaondolewa nyumbani kwa wote, sio kufichwa asivione yule mmoja huku kaka zake wakila chumbani. Hiyo ya kufichana vyakula ni dhulma ndogo ndogo, na mtoto huijua hata mkifunga mlango.

Sisi Waislamu hili si geni. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto mdogo akilelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Anasimulia kwamba mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Mtume alimfundisha ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Maneno machache tu. Na tazama mafundisho hayo yalitolewa wapi: kwenye sahani moja, mwalimu naye anakula. Umar anasema tangu siku hiyo ulaji wake ukabaki hivyo. Na yule aliyetufundisha kwamba tumbo ni chombo kibaya kukijaza, na kwamba likibidi basi theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, alikuwa wa kwanza kuishi hivyo nyumbani kwake.

Sasa kuna jambo linaloniuma zaidi, na nitakaa hapo kidogo. Dada alitaja kwa kupita tu kwamba binti hataki kwenda futari za jamaa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema shangazi zake wanamwita "bonge". Kila akinyoosha mkono kwenye sambusa, mmoja anasema, "Haya, bonge, ya ngapi hiyo?" Watu wanacheka. Yeye naye anacheka. Akirudi nyumbani analia, kisha anakula peke yake usiku.

Ndugu zangu, tumefunga tangu alfajiri. Tumejizuia na maji ya halali, kisha saa ya kufuturu tunakula nyama ya mtoto wetu! Sura ya al-Hujurat imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na haikuweka kando utani wa shangazi. Siku Abdullah bin Mas'ud alipopanda mti kukata miswaki, upepo ukafunua miguu yake myembamba na watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) aliwaambia miguu hiyo ni mizito zaidi katika mizani kuliko mlima wa Uhud. Aliyechekwa kwa wembamba alitetewa, na mtoto anayechekwa kwa unene ana haki hiyo hiyo.

Na yako masimulizi ya Bibi Aisha (r.a.), yamo katika Abu Dawud. Walikuwa safarini, wakashindana mbio na Mtume, Aisha akashinda. Baadaye alipoongezeka mwili walishindana tena, Mtume akashinda, akamwambia hii ni kwa ile. Mimi huipenda sana hadithi hii. Mwili umebadilika, na mume anafanya nini? Anamwalika mbio! Hakuna kebehi wala mhadhara, ni mchezo, na wote wawili wanakimbia. Baba, ukitaka binti atembee, vaa viatu utoke naye.

Tena wataalamu wanatwambia unene wa mtoto hauna sababu moja. Kuna maumbile ya kurithi, kuna baadhi ya dawa, kuna usingizi mchache, kuna vyakula rahisi vinavyozunguka nyumba na shule. Kumwita mlafi ni kumtuhumu kwa jambo usilolijua. Na fedheha haimpunguzi mtu, mara nyingi inamrudisha kwenye kula kwa kujificha, kama binti huyu.

Nije kwenye lile la pili, "afunge, utapungua". Kwanza, mtoto ambaye hajabaleghe hajawajibikiwa na saumu. Tunamzoesha kwa upole, nusu siku, siku moja moja, akichoka anafungua na hana dhambi. Pili, saumu ni ibada, na nia yake ni Allah. Ukimwambia binti "funga upungue", umemfundisha kwamba Ramadhani ni adhabu ya mwili wake. Wasichana waliokwisha kubaleghe nao wazungumzisheni. Wapo wanaoruka daku makusudi na kula tende moja tu magharibi, wakitumia saumu kujinyima hadi wanaumwa. Na mtoto mwenye kisukari au anayetumia dawa za kila siku, daktari wake aulizwe kabla ya kufunga, msikae mkikisia.

Tatu, tuwe wakweli, mwili utapunguaje kwa futari zetu hizi? Kaimati za shira, tambi za sukari, sambusa, bajia, viazi karai, mkate wa sinia, sharubati mtungi mzima. Halafu ndiyo tunauliza "chakula tayari?" Siharamishi kaimati, msije mkaniondoa kwenye chaneli. Nasema mbili, si kumi, na sahani ya mtoto iwe sawa na ya baba.

Kwa dada yetu na walio kwenye programu kama hizi: kipindi kikiangukia saa ya futari, mwambieni mshauri awasogezee hadi baada ya alasiri au wikendi. Mwelezeni daku ni nini, futari ni nini, apange na nyinyi ratiba ya mwezi. Msiache wiki nne kwa sababu ya kuona haya kusema, maana familia nyingi zikiruka vipindi vichache hazirudi tena. Uzito upimwe faragha, sio mbele ya wageni. Na mtoto mwenyewe aulizwe kama anataka sura yake ionekane kwenye kamera au la.

Sisi ambao hatuna programu kama hizo karibu, tunaweza kuanza na daftari moja la nyumba nzima. Kila mmoja anaandika alichokunywa leo kuanzia magharibi mpaka daku. Baba anaandika wa kwanza, na soda zake ziwemo.

Shangazi walioko humu, nawaheshimu sana, leo mkimwalika huyo binti au mwingine kama yeye, mwiteni kwa jina aliloitwa siku ya akika yake.

Ewe Mola, zipe afya nyumba zetu na uwafungue vifua watoto wetu. Aamin.

Kesho in shaa Allah tutaendelea na wenye siku za kulipa. Maswali yatumwe kabla ya tarawehe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.