Je, Asiyepunguziwa Kitu Hukosewa?

Chembe hai ya mwili wa mwanadamu haijigawi ovyo. Hungoja ishara kutoka kwa jirani zake kwamba iko haja: pengine ngozi imekwaruzwa, au damu imepungua. Ndipo inakili nyuzi za urithi zilizomo katika kiini chake, na kabla haijajigawa husimama ikazikagua nakala hizo. Kasoro hurekebishwa, ikishindikana, aghalabu chembe ile hujiua. Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kutufumbulia jinsi mambo hayo yanavyoongozwa.

Saratani ni chembe iliyoacha kungoja.

Mapema mwaka 1951, Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi mwenye watoto watano, alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Virusi vilikuwa vimewalemaza walinzi wa chembe zake. Daktari alikata kipande cha uvimbe, kikapelekwa maabara, wala mwenyewe hakuulizwa. Chembe za wagonjwa wengine zilikufa upesi chupani. Zake ziliongezeka maradufu kwa muda wa siku moja hivi. Yeye alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka uo huo, akiwa na umri wa miaka 31. Chembe zake, ziitwazo HeLa, zingali zikijigawa katika maabara za dunia nzima.

Nilipolisimulia jambo hili darasani, wanafunzi wengi walisema hakukosewa. Kipande kile kingetupwa. Yeye hakupunguziwa kitu, na wengine wakafaidika. Kweli, chanjo ya polio ya Jonas Salk ilipojaribiwa mwaka 1954, chembe hizo ndizo zilizotumika kupimia nguvu ya kinga katika damu ya watoto waliochanjwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mimi mwenyewe niliishika kwa muda mrefu.

Lakini jirani akiingia shambani mwangu akaokota kuni ambazo nisingezitumia, hakunipunguzia kitu, ila amenionyesha kwamba mimi si mtu wa kuulizwa. Daktari yule simwiti mwizi, kwa maana desturi ya siku zile haikumdai ruhusa. Hata hivyo desturi hiyo iliwaelemea zaidi maskini, ambao hawakuwa na hospitali nyingine ya kukimbilia. Jamaa zake hawakujua lolote hadi miaka ya 1970, na wakati huo chembe zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa. Kampuni moja ilipatana nao mwaka 2023, kwa masharti yasiyotangazwa.

Msichana mmoja akainuka akaniuliza, “Mwalimu, na kama angeulizwa akakataa?”

Nilimjibu kwamba kipande kingetupwa, nao wangemngojea mgonjwa mwingine.

“Na watoto wa polio je, wangengoja?”

Kengele ililia kabla sijamjibu, naye hakutoka darasani mpaka nilipomwahidi kwamba tutaendelea kesho yake.