Dakika Moja Tu

Kijana mmoja wa Kisauni alipata kazi Dubai. Ndege yake ilikuwa ya saa kumi jioni, Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa. Kwao wakaona si vyema aondoke kama anayekwenda dukani. Likapikwa biriani, wakaitwa binamu na majirani, na baada ya kula mmoja akaleta mchezo.

Ni ule wa sekunde 60 uliovuma tangu mwaka 2010, televisheni ya NBC ya Marekani ilipoanza kuonyesha kipindi cha Minute to Win It. Vifaa vyake havitoki nje ya nyumba. Biskuti huwekwa kwenye paji la uso, uishushe hadi mdomoni bila kuigusa kwa mkono. Kunde huhamishwa sahani hadi sahani kwa kuvutwa na mrija. Vikombe 36 vya plastiki hupangwa vinane chini, saba juu yake, hadi kimoja kileleni, kisha hurudishwa kimoja ndani ya kingine. Waliokulia mdako hawakuhitaji somo.

Saa saba, saa waliyopanga kutoka, msafiri alikuwa kwenye vikombe. Safu ya tano ikaporomoka.

"Narudia. Dakika moja tu."

"Mwanangu, wakati huo unakwenda," mama akaita kutoka jikoni.

"Mama, mchezo wenyewe dakika moja!"

Hakusema uongo. Lakini kabla ya dakika hiyo vikombe viliokotwa chini ya makochi, meza ikapanguswa, simu ya kupimia ikatafutwa, binamu akaomba asubiriwe arekodi, wakabishana kama mshindani ameanza kabla ya kuambiwa "haya!" Baada yake kukawa na kicheko, utani na madai ya marudiano. Raundi tatu zikala dakika 45, na simu ikahesabu tatu tu.

Wakatoka saa nane kasorobo. Kisauni ni bara na uwanja wa ndege ni bara, ila kisiwa cha Mombasa kimekaa katikati: uvuke daraja la Nyali, ukatize mjini, utokee Makupa, upite Kibarani hadi Changamwe, ambako malori ya bandarini hayajui nani ana safari. Walifika getini saa tisa kasorobo. Gari likakaguliwa. Kwenye mlango wa jengo wasindikizaji wakabaki nje, maana anayeingia ni mwenye tiketi na pasipoti. Kupitisha begi kwenye mashine ni kazi ya sekunde chache. Foleni iliyokuwa mbele yake ndiyo iliyokuwa na dakika.

Alipofika kaunta ilikuwa imepita saa tisa.

"Pole kaka, tumeshafunga."

"Dada yangu, nisaidie. Dakika moja tu. Ndege si bado iko?"

Ndege ilikuwepo, tena ingekuwepo karibu saa nzima. Lakini mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya safari ya kimataifa, na muda huo haukai bure. Orodha ya abiria hukamilishwa, mizigo hupakiwa, uzito wa ndege hupigiwa hesabu. Hata kuruka, kunakoonekana kama jambo la mara moja, kuna maandalizi yake. Kijana akarudi Kisauni na sanduku lake, na tiketi nyingine ikalipiwa na mkopo.

Funzo si kwamba mchezo ni mbaya. Kumuaga mtu kwa furaha ni jambo jema, na sekunde 60 hazijawahi kumchelewesha mtu. Yanayochelewesha ni mambo yanayokuja nazo: kutafuta, kupanga, kubishana, kukusanya, kurudia. Atakayekuambia "dakika moja tu" anakutajia muda wa kitendo, hakutajii muda wa mlango wa kuingilia wala wa kutokea.

Kwa hiyo mwenye safari na aanze hesabu kwenye kaunta kufungwa, si kwenye ndege kuruka, arudi nyuma hatua kwa hatua: foleni, geti, Changamwe, daraja, kuagana. Idadi ya raundi ipangwe kabla ya kikombe cha kwanza kushikwa, sanduku liwe tayari garini, na anayeangalia saa awe mtu asiyecheza. Mama aliyeita kutoka jikoni alikuwa ndiye huyo. Hakusikilizwa.