Bunduki za Kale na Tamaa ya Moyo

Katika nchi za Marekani na Ulaya wako watu wanaokusanya bunduki za kale, hasa zile zilizoonekana katika picha za sinema. Hawazitaki kwa kuwinda wala kwa kujilinda. Huziweka ndani ya sanduku la kioo, wakazitazama tu. Mwindaji wa kijijini, apimaye bunduki yake kwa nyama aletayo nyumbani, akisikia habari hiyo atashangaa. Akisikia na bei, atashangaa zaidi. Lakini kushangaa si kuhukumu. Hapana budi kuuliza kwanza: thamani ya kitu cha namna hii yatoka wapi? Na je, ni dhambi kukitaka?

Thamani ya kwanza yatoka katika kazi ya mikono. Kiwanda cha Winchester, mjini New Haven, Marekani, kilitoa bunduki yake mashuhuri mwaka 1873, na baadaye zikatengenezwa zaidi ya 700,000. Kwa kadiri ya tangazo la kiwanda, mitutu yote ilijaribiwa kwa shabaha, na michache iliyoshinda mingine ikatiwa katika bunduki zilizopambwa kwa ustadi, zikauzwa dola 100 kila moja. Hizo hazikufika 150. Kuipenda kazi njema namna hiyo si vibaya, maana akili na ustadi wa fundi ni zawadi za Mungu.

Thamani ya pili yatoka katika hadithi. Mwaka 1950 ilitolewa sinema iitwayo Winchester '73. James Stewart ni mtu aliyeshinda bunduki moja ya zile bora, kisha akanyang'anywa. Bunduki yapita toka mkono huu hata mkono ule, na wengi wanaoishika kwa tamaa wafa mmoja baada ya mwingine. Wenye kuitangaza sinema hiyo walifanya shindano la kuwatafuta watu waliokuwa bado na bunduki kama ile majumbani. Ndipo vitu vilivyosahauliwa pembeni mwa nyumba vikawa mali ya kutafutwa. Ajabu iliyoje! Hadithi iliyoonya juu ya tamaa ndiyo iliyoiongeza tamaa ile ile.

Tena iko bastola ya Sean Connery, aliyeigiza mpelelezi James Bond. Alipopigwa picha za kutangaza sinema ya mwaka 1963, bastola iliyohitajiwa haikuletwa. Mpiga picha akampa ya kwake, nayo ilikuwa bastola ya hewa tu, ya kujifunzia shabaha. Mwaka 2010 bastola hiyo iliuzwa katika mnada wa Christie's, London, kwa pauni 277,250. Mnunuzi hakulipa bei ya chuma. Alilipa kwa sababu ya sura ya mtu na hadithi yake.

Thamani ya tatu ni ya kutisha: yatoka katika damu. Mwaka 1881, katika nchi ya New Mexico, mkuu wa polisi Pat Garrett alimpiga risasi kijana aitwaye Billy the Kid, akafa. Habari zake zimeonyeshwa katika sinema nyingi. Mwezi wa Agosti 2021 bastola iliyomwua iliuzwa mjini Los Angeles kwa dola zaidi ya 6,000,000. Bastola za namna ile zilitengenezwa kwa wingi. Kama hii isingemwua kijana yule, bei yake ingekuwa ndogo sana. Basi, ni nini kilichonunuliwa, kama si kifo cha mtu?

Labda mkatekumeni atauliza: Je, Kanisa halitunzi masalia ya watakatifu, pengine hata vyombo vilivyowaua mashahidi? Ni kweli. Lakini heshima ile yamwendea mtakatifu, na kwa njia yake yamwendea Mungu, haikiendei chuma. Tena sheria ya Kanisa yakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Kanisa lamkumbuka aliyekufa na kumwombea. Mnada wapiga hesabu ya kifo chake.

Kwa hiyo kutunza kitu cha kale si dhambi kwa chenyewe. Atunzaye mkuki wa babu yake hamkosei Mungu. Dhambi huanza pale moyo unapokipenda kitu kuliko mtu: mali ya watoto inapopotea kwa ajili yake, maskini anapofukuzwa mlangoni, au damu ya mwenzake inapokuwa pambo la nyumba. Bwana wetu alifundisha kwamba moyo hufuata hazina. Atakaye kujua moyo wake uko wapi, na atazame fedha yake yaenda wapi.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliijua tamaa hiyo. Alikuwa askari, tena alipenda sana hadithi za mashujaa wa vita. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu kwa mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi zile, lakini nyumbani mlikuwa na maisha ya Kristu na ya watakatifu tu. Akavisoma, na moyo wake ukageuka. Mwaka 1522 alikesha usiku mzima mbele ya altare ya Bikira Maria huko Montserrat, akauacha pale upanga wake. Hakuuliza ungeuzwa bei gani.

Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo na afikiri hayo. Watu wameweka mamilioni juu ya chuma kilichomwaga damu ya mtu. Bali neema aliyoinunua Yezu Kristu kwa damu yake mwenyewe haina mnada. Maskini na tajiri huipokea bure, kwa maji yale yale.