Ufa Usizibwe Kabla Haujasomwa

Kaa hapa, mwanangu, upumzike kwanza. Umesema mama wa kule mtelemkoni amekununulia mifuko mitatu ya saruji, anataka nyufa zake zizibwe kabla ya Jumapili kwa kuwa ana wageni. Iache mifuko hiyo palepale ilipo. Haya nimeyasema mara nyingi mpaka nimechoka kuyasikia mwenyewe, na leo nitayasema tena, maana wewe ndiye unayepanda ngazi sasa.

Wahenga walituachia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo naipenda, nimekua nayo. Lakini baada ya tetemeko imetuponza. Lilipopiga lile la Jumamosi, 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, Kagera yetu ilizika watu wasiopungua 17. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Tulilia, tukazika, kisha tukakimbilia saruji. Kila mwenye nyumba iliyobaki imesimama alitaka alama za siku ile zifutike machoni pake, nasi mafundi tukamfutia. Ufa ndio ulikuwa unatueleza nyumba imeumia wapi, tukauziba mdomo.

Kwa hiyo kwanza usome. Lipu peke yake hupasuka hata bila tetemeko. Ufa mwembamba kama unywele usikutie hofu. Kwangua lipu uone kama umeingia kwenye tofali. Ukiwa umeingia, zunguka upande wa pili wa ukuta, na ukiukuta huko pia, ukuta umekatika. Nyufa mbili zinazopanda kimshazari kutoka pembe za dirisha na kukatana kama msalaba zinakuambia ukuta ulisukumwa huku na huku mpaka ukashindwa. Mimi hunitisha zaidi ufa wa wima kwenye pembe ya nyumba, mpana juu, mwembamba chini. Hapo kuta mbili zimeachana, na ule wa nje hauna wa kuushika. Nyumba zetu nyingi za matofali ya kuchoma zimejengwa kwa udongo, juu hazina mkanda wa zege wa kuzifunga pamoja, basi ardhi ikitikisika kila ukuta unakwenda njia yake.

Usianze ndani. Zunguka nje nyumba nzima, utazame juu: tofali lililolegea kwenye pembetatu ya paa limeua watu waliokuwa wameshatoka salama. Tazama na ardhi, hasa mtelemkoni kama kwa mama huyo, kama imepasuka au msingi umeshuka upande mmoja. Tundika timazi kwenye kila pembe. Nje pakikukataza, ndani huna safari.

Kwenye ghorofa nenda kwenye nguzo kwanza. Boriti iliyopasuka mara nyingi hulegea taratibu ukaiona. Nguzo inaweza kuondoka ghafla, na vilivyo juu yake vyote vikaifuata. Ukikuta zege limemenyeka karibu na kichwa cha nguzo au mguuni, nondo zimejipinda kwa nje na ringi zimefunguka, toa watu siku hiyohiyo, hata mwenye jengo akikutukana. Darajani vilevile: simama mwisho wake, uelekeze jicho kwenye uzi wa kingo. Ukiona limebonyea, au sehemu imehama pale inapokalia nguzo, zuia magari kwanza, mhandisi atafutwe baadaye.

Moto nao una hila yake, maana unaacha jengo limesimama. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, liliungua 10 Julai 2021, na zege lake likabaki mahali pake. Anayetazama masizi hajaona kitu. Masizi ni ya moshi, nayo hayakuambii joto lilifika wapi. Tafuta vilivyoyeyuka. Aluminiamu ya dirisha ikiwa imetiririka, joto hapo lilipita nyuzi 660. Zege lenyewe, kwa aina nyingi za kokoto, huanza kuwa na rangi ya waridi kwenye nyuzi 300 hivi, na kutoka hapo kwenda juu nguvu zake usizihesabu. Gonga kwa nyundo: zima hulia kwa ukali, lililokufa hujibu kama debe lililojaa mchanga. Wala usiharakishe hukumu asubuhi ya pili. Chokaa iliyomo ndani ya zege hufunguka kwa joto kali, kisha hunyonya unyevu na kuvimba, hivyo zege huendelea kudhoofika siku kadhaa baada ya moto kuzimwa.

Sasa nikueleze jambo linaloninyima usingizi. Mji wa Christchurch, New Zealand, ulitikiswa 4 Septemba 2010 kwa ukubwa wa 7.1. Wakaguzi wakapita na karatasi zao, nyekundu, njano na kijani. Jengo moja la ghorofa sita, la CTV, lilipewa kijani na watu wakarudi kazini. Tarehe 22 Februari 2011 likaja tetemeko dogo kuliko lile, la 6.3, lakini karibu zaidi na mji. Jengo hilo likalala chini na watu 115. Karatasi ile ilisema tu kwamba jicho halijaona jeraha. Haikusema kwamba jengo lilijengwa vizuri, wala haikuwa na mamlaka ya kulisemea tetemeko lijalo. Wale wakaguzi siwalaumu kwa wepesi, nimewahi kuwa na haraka kama yao. Ninachokuomba ni kwamba usimwambie mtu nyumba yake ni salama kwa sababu haikuanguka.

Kesho asubuhi tutakwenda pamoja kwa huyo mama. Chukua nyundo, penseli, uzi wa timazi na vipande vyembamba vya kioo. Kila ncha ya ufa utaichora mstari na kuandika tarehe. Kioo tutakibandika kwa jasi kukatiza ufa. Kikivunjika, nyumba bado inatembea, na hapo tutamtafuta mhandisi hata kama ni wa kumsubiri wiki mbili. Wageni watalala kwangu.

Mama atakasirika, najua. Atasema nyufa hizo zilishazibwa zamani, mwaka uleule wa 2016, na fundi mzuri. Mwache aseme, usimjibu. Nitamjibu mimi, kwa kuwa lipu ile niliipiga kwa mikono hii, wiki ya tatu baada ya tetemeko, na sikukwangua hata mahali pamoja kutazama tofali.