Mpira Juu ya Kabati

Saa tisa usiku niliamka nikamkuta Chui amesimama sebuleni, pua imeelekea juu ya kabati la vyombo. Habweki. Anatetemeka tu, vile vile nilivyomwacha saa tatu nikienda kulala. Ugali wake na matumbo vilikuwa pale pale kwenye bakuli, siafu washafika. Juu ya kabati, ndani ya sufuria yenye kifuniko, kulikuwa na mpira wa tenisi uliokwisha manyoya. Nilikuwa nimeuficha jioni nikijiambia namsaidia.

Nilikaa naye sakafuni hadi kukapambazuka. Swali lililonijia usiku huo bado sijalimaliza: nani alinipa haki ya kumnyang'anya mwingine kitu anachokipenda kuliko chakula, eti kwa faida yake?

Wacha nianze mwanzo. Chui alizaliwa kwa mama, Makongeni, Thika. Aprili 2020 serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, mpaka wa upande wetu uliwekwa kwenye daraja la mto Chania. Makongeni na Ruiru zote zikabaki ndani, kwa hivyo niliweza kupanda matatu hadi kwa mama na kurudi na mtoto wa mbwa kwenye katoni. Nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, upande wa Kimbo, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mdogo na geti ya mabati. Mbwa mchanga anataka mtu. Mimi nilikuwa na mikutano ya Zoom. Nikagundua kwamba nikirusha mpira kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaweza kuendelea na kazi. Hayo ndiyo yalikuwa malezi yake. Asubuhi hadi jioni, labda mara mia kwa siku.

Na watu walisifu. "Buda, huyo mbwa wako ako na akili," jirani aliniambia, nami nikatamba. Sikuona kwamba Chui alikuwa ameacha kunitazama usoni. Alitazama mkono.

Kisha akaanza kuchechemea mguu wa nyuma, na bado anakimbia. Daktari wa wanyama alimfungua mdomo akaniita nione. Manyoya ya mpira wa tenisi hushika mchanga, halafu yanasaga meno kama msasa. Chonge zake zilikuwa butu kama za mbwa mzee. "Huyu hatajisimamisha," daktari akasema. "Ukirusha ataenda, hadi aanguke." Nililipa, nikatoka, nikaficha mpira jioni hiyo hiyo. Kosa likawa la Chui. Ameshikwa, nikawaambia watu, mbwa wangu ni mraibu.

Neno hilo halikuwa la mzaha tu. Mwaka 2025 watafiti wa vyuo vikuu vya Bern na Vienna walichapisha utafiti wa mbwa 105 wanaopenda sana vitu vya kuchezea. Kati yao, 33 walionyesha dalili zinazofanana na za uraibu: kuuangalia mpira uliowekwa wasipoufikia, kupuuza chakula, kupuuza hata mwenye mbwa anayewaita wacheze naye, kushindwa kutulia baada ya mchezo kwisha. Nilisoma hayo huku Chui akikwaruza kabati, nikahisi nimepewa cheti. Ugonjwa una jina, basi si mimi.

Lakini kuna jambo lililonivurugia raha hiyo. Pale uwanja wa ndege wa JKIA na bandarini Mombasa, Shirika la Wanyamapori lina mbwa wa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Wengine walitoka kwenye mpango ulioanza 2014, wakafunzwa Usa River karibu na Arusha. Unajua wanalipwa nini? Mpira. Mbwa hajali ndovu hata kidogo. Amefundishwa kwamba akipata harufu ile, kitu cha kuchezea kitatokea, na wanaochagua mbwa wa kazi hiyo hutafuta hasa yule asiyeweza kuuacha mpira. Yaani tabia ile ile niliyoiita ugonjwa Ruiru, mahali pengine ndiyo inayompa mbwa kazi. Kilichobadilika ni nani ananufaika nayo. Na mimi pia nilinufaika, miezi na miezi, hadi siku iliponigharimu.

Nilimpeleka kwa mama. "Baba," aliniambia (huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake), "huyo mbwa hana wazimu. Hana kazi." Mbwa wake hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, wakabweka hadi alfajiri. Mmoja wao ndiye mama yake Chui. Nilimrushia mpira, akautazama ukipita jinsi anavyotazama pikipiki. Mama akacheka sana. Sikubali kwamba mnyororo ni jibu, kwa sababu mbwa aliyefungwa tangu asubuhi naye hakuulizwa. Ila hilo la kazi lilinigusa.

Nina rafiki wa Juja ambaye wakati fulani alikuwa akituachia simu yake kila Jumamosi, tumfichie asibeti. Alitutukana kufikia saa kumi, lakini asubuhi ni yeye alikuwa ameomba. Tulikuwa tunamsaidia dhidi yake mwenyewe kwa ruhusa yake mwenyewe. Chui hawezi kuja asubuhi aniambie, leo nifichie. Nikificha, najiteua kuwa ile sauti yake ya asubuhi, na sina hakika anayo. Nisipoficha, meno yanaisha. Sioni njia ya kutoka hapo nikiwa msafi.

Ninachojua ni kwamba kuficha peke yake ni uvivu ule ule wa kurusha. Mkono wa kushoto unafanya jambo, mimi naendelea na kazi. Kwa hivyo siku hizi tuna utaratibu, na unakula muda wangu kweli. Mpira laini usio na manyoya, dakika kumi, mara mbili kwa siku, kwenye nyasi. Nasimamisha akiwa bado ana nguvu, nasema "basi", mpira unaingia kwenye sufuria. Halafu namwaga omena kidogo kwenye nyasi, anatafuta kwa pua, polepole, mkia unacheza. Jioni tunatembea kando ya reli, na simu naiacha nyumbani. Wiki za kwanza alikuwa anarudi kwa kabati kila tukiingia.

Jana, baada ya "basi", alisimama chini ya kabati kama dakika nne. Kisha akaja akajilaza karibu na kiti changu, uso ukielekea mlangoni. Mkono wangu wa kushoto haukujua pa kukaa, nikauweka mgongoni mwake. Akageuka, akaunusa kiganja, kidole kwa kidole, kuona kama kuna kitu.