Mdai Asimame Nje, Mwenye Deni Atoke

Wakatekumeni wapenzi,

Amri ya saba ya Mungu inatukataza kuiba. Watu wengi wakiisikia humfikiri yule anayeingia shambani usiku na kung'oa mihogo ya jirani, au mwizi wa mbuzi. Basi husema moyoni: Mimi sijaiba kitu, amri hii hainihusu. Lakini Kanisa, mama yetu na mwalimu wetu, linatufundisha kwamba kulipa madeni ni sehemu ya amri hiyo hiyo. Jambo hilo limeandikwa wazi katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2411. Kwa hiyo leo tutazame pamoja habari ya deni, ya mwenye kulidai, na ya deni lenye mabishano, kwa maana mambo hayo yamevunja urafiki mwingi katika vijiji vyetu.

Katika kitabu cha Deuteronomio, sura ya 24, Mungu aliwapa Waisraeli sheria ndogo ambayo watu wengi huisoma upesi na kuipita. Mtu akimkopesha mwenzake, naye akataka rehani, asiingie katika nyumba ya mwenzake ili kuichukua. Asimame nje, na mwenye deni mwenyewe amtolee rehani pale nje.

Tazameni hekima ya sheria hiyo. Mlango uko katikati ya watu wawili. Wa nje amekatazwa kuingia, na wa ndani ameagizwa kutoka. Mungu anailinda haki ya mmoja na heshima ya mwingine kwa neno moja. Tuwasikilize basi wote wawili.

I. MWENYE DENI ATOKE NJE

Nani asiyemjua mtu wa namna hii? Siku ya kukopa alifika dukani kabla ya jua kupanda, akamwita mwenye duka baba na mkubwa wake, akaapa kwamba atalipa mwisho wa mwezi. Mwezi umekwisha, na wa pili umekwisha. Sasa akisikia sauti ya mdai njiani hukimbilia nyuma ya nyumba, akamtuma mtoto mlangoni aseme: Baba amekwenda mtoni. Wazee walisema kweli: Kukopa harusi, kulipa matanga.

Yoshua bin Sira alimjua mtu huyo miaka ipatayo 2200 iliyopita. Katika sura ya 29 ya kitabu chake anaeleza jinsi mkopaji anavyoibusu mikono ya mwenye mali mpaka apewe. Siku ya kulipa ikifika huahirisha na kulalamika kwamba nyakati ni mbaya, na mwisho humlipa mwenzake matukano badala ya shukrani. Kisha mwenye hekima huyo anaongeza neno zito: kwa sababu ya watu wa namna hiyo wengi hukataa kukopesha. Si kwamba wana roho mbaya, ila wanaogopa kudhulumiwa. Mmeona, wapenzi? Anayekimbia deni lake hamwibii mdai peke yake. Kesho mama mwenye mtoto mgonjwa atabisha mlango ule ule akiomba faranga za dawa, naye atanyimwa kwa ajili ya kosa la mtu mwingine.

Na yule mtoto aliyetumwa mlangoni? Sisi darasani tunamfundisha kwamba amri ya nane inakataza uongo, lakini baba yake amekwisha kumfundisha fundisho jingine. Baba huyo ana deni mbili sasa, moja kwa mwenye duka, na moja kwa Mungu kwa ajili ya roho ya mtoto wake.

Mtaniuliza: Asiye na kitu kabisa afanye nini? Atoke nje vile vile. Deni lenyewe si dhambi, na umaskini si dhambi. Dhambi ni kuweza kulipa na kukataa, au kukopa ukijua tangu siku ile kwamba hutalipa. Asiye na kitu aseme wazi: Leo sina. Pokea kidogo hiki, na baada ya mavuno ya mahindi nitaleta kiasi fulani. Kisha alishike neno lake. Kumbukeni mjane katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Mdai wake alikuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakumwambia akimbie usiku. Mungu alipozidisha mafuta yake, nabii alimwagiza ayauze, alipe deni kwanza, kisha yeye na watoto wake waishi kwa kile kilichobaki.

II. MDAI ASIINGIE NDANI

Sasa ninasema nawe unayedai. Kudai mali yako si aibu, ni haki yako. Lakini haki ina mpaka, na mpaka huo ni kizingiti cha mlango wa mwenzako.

Sura ile ile ya 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuuchukua uhai wa mtu. Tena inaagiza kwamba vazi la maskini lirudishwe kabla ya jua kutua, apate la kujifunika usiku. Kwetu sisi jiwe hilo ni jembe, ni kinu, ni sufuria, ni baiskeli ya yule anayebeba mihogo mpaka sokoni. Ukimnyang'anya mtu jembe lake, atalima na nini, na atakulipa na nini?

Wako wanaotuma vijana wenye nguvu wapige mlango usiku. Wako wanaomtukana mwenye deni mbele ya wakwe zake au katikati ya kilio cha msiba. Wengine humpigia simu saa zote, na wasipompata huwasumbua ndugu zake ambao hawakukopa hata faranga moja. Je, hayo ni kudai? Hayo ni kutesa. Katika Injili ya Mateo, sura ya 18, Bwana wetu Yezu Kristu anasimulia habari ya mtumishi aliyesamehewa talenta 10,000, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Dinari 1 ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja, na talenta 1 ilikuwa dinari 6,000. Kwa hiyo mwenzake alidaiwa kazi ya siku 100, deni la kweli linaloweza kulipwa. Yeye mwenyewe alikuwa amefutiwa kazi ya siku milioni 60, deni lisilolipika hata na vizazi vya wajukuu zake. Mfalme hakumkasirikia kwa sababu alidai, bali kwa sababu alidai bila huruma.

Sheria za nchi nazo zinaweka mpaka. Kukamata mali ya mtu kwa ajili ya deni ni kazi ya tribinali na ya mjumbe wake mwenye karatasi, si kazi ya mdai na rafiki zake. Tena mapatano ya mataifa ya mwaka 1966 juu ya haki za raia, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1976, yanakataza kumfunga mtu gerezani kwa sababu tu hawezi kutimiza mkataba. Mwenye kudanganya ili apate mali ni jambo jingine, naye aweza kuhukumiwa. Lakini umaskini peke yake hauna gereza.

III. DENI LENYE MABISHANO

Linabaki jambo gumu. Mwenye duka anasema: Daftari linaonyesha vitenge 3. Mama anasema: Nilichukua 2. Pengine hakuna mwongo hapo; mmoja amesahau, au mwandishi amekosea. Mama afanye nini? Asilipe vyote kwa kuogopa makelele, wala asikatae vyote kwa hasira. Alipe vile 2 anavyovikubali, mbele ya shahidi, apewe karatasi ya malipo. Kile cha 3 kiamuliwe.

Nani atoe ushahidi? Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, inayofuatwa katika nchi yetu hata leo, inajibu kwa haki: anayedai deni ndiye athibitishe kwamba lipo, na anayesema amekwisha kulipa ndiye athibitishe kwamba alilipa. Kwa hiyo, wapenzi, andikeni. Asiyejua kusoma amwombe mtu anayemwamini amsomee daftari siku ile ile ya kukopa. Wala usitie kidole chako kwenye karatasi usiyosomewa.

Mzee Tobiti ni mwalimu wetu katika jambo hili. Aliweka talenta 10 za fedha kwa Gabaeli katika nchi ya Umedi. Wakaandika hati, wakaigawa vipande viwili, kila mmoja akashika chake. Miaka 20 ikapita. Hati ilipopelekwa, Gabaeli alitoa mifuko yote, na mihuri ilikuwa ingali mizima. Hapakuwa na mabishano wala kiapo. Kumbe kuandika si kukosa kumwamini ndugu, bali ni kuulinda undugu wenyewe.

Kama hakuna maandiko, fuateni njia ya Injili: kwanza semeni ninyi wawili peke yenu, kisha mbele ya shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya wazee wa jumuiya. Tribinali iwe mwisho.

MAULIZO

Swali: Mwenye deni aweza kubatizwa?
Jibu: Ndiyo, akiwa na nia ya kweli ya kulipa kadiri awezavyo. Ubatizo unafuta dhambi, haufuti deni la dukani. Zakayo alipompokea Yezu nyumbani mwake aliahidi kurudisha mara 4.

Swali: Mdai analazimishwa kusamehe deni lote?
Jibu: Haki haimlazimishi. Lakini upendo unamwagiza amvumilie asiye na kitu, na asiongeze riba juu ya maskini, kama Mungu alivyokataza katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22.

Swali: Aliyesamehe aweza kulidai tena deni siku ya ugomvi?
Jibu: Hapana. Lililosamehewa limekwisha.

Wakatekumeni wapenzi, kabla ya ubatizo wenu Kanisa litawakabidhi Sala ya Bwana. Katika Injili ya Mateo, pale tunapoomba kusamehewa, neno la Kigiriki lililoandikwa ni madeni. Siku ile mtasimama mbele ya mlango wa Mungu mkiwa wenye deni, wala hamtakuwa na cha kulipa. Basi wiki hii kila mmoja ahesabu mambo yake. Anayekimbia, atoke nje. Anayepiga mlango kwa nguvu, arudi nyuma hatua moja. Nanyi mnaobishana, leteni daftari na shahidi, mkae chini ya mti mmoja.

Mungu Baba awape moyo wa haki na wa huruma. Amina.