Namba ya Mtu Mwingine kwenye Kioo Changu

Aliyevunja kioo cha gari langu aliondoka na insha 43 za Kidato cha Tatu. Nilikuwa nimeegesha nje ya kibanda cha chai hapa Isiolo mjini, saa mbili usiku, dakika kumi tu, na mkoba nikauacha kwenye kiti cha abiria. Kwa mbali ulifanana na mkoba wa kompyuta, sikatai. Ndani mlikuwa na karatasi za wanafunzi, kalamu mbili nyekundu na ndizi. Niliporudi, mlango wa mbele wa kushoto ulikuwa na shimo, na kiti kimejaa vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Sijui zile insha alizipa maksi ngapi.

Kioo cha mlango hakizibwi. Kile cha mbele ya dereva ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, ndiyo maana jiwe likikipiga kinapasuka kama utando wa buibui na bado unaendesha hadi nyumbani. Cha mlangoni ni kimoja, kimepashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafla kwa upepo, na huo ubaridi wa haraka unakiacha na mvutano ndani yake. Kinakuwa kigumu sana, lakini siku kikishindwa, kinashindwa chote kwa mara moja. Huwezi hata kukikata kidogo kikutoshee. Lazima upate kingine kizima cha modeli hiyohiyo, mlango huohuo.

Wiki ya kwanza nilibandika karatasi ya nailoni na gundi ya utepe. Mtu wa Isiolo anajua hiyo nailoni inapambana na nini: upepo wa hapa hauna adabu, na vumbi lake linaingia hata mahali ambapo hewa haiingii. Mama yangu ana pumu, na kila baada ya wiki mbili nampeleka kliniki Meru. Safari hiyo alijifunika leso puani kutoka tunatoka hadi tunaanza kupanda milima, nailoni ikipiga pap pap pap sikioni mwake, wala hakulalamika. Ningependelea alalamike.

Kwa hiyo nilikuwa na haraka. Nasema hivyo mapema kwa sababu haraka itatajwa tena kama kisingizio.

Fundi wangu alinipa bei mbili. Kioo kipya kutoka Nairobi, 6,500. Kilichotumika, 3,000, "hicho ni cha Japani, mwalimu, orijino kabisa." Nikachagua cha 3,000 bila kuuliza swali hata moja. Jioni ya pili kikafika na matatu, karibu kilomita 280, kimefungwa ndani ya gunia na blanketi kuukuu. Fundi akatoa ubao wa ndani wa mlango, akafyonza vipande vya kioo cha zamani vilivyokuwa vimeangukia chini kwenye mashine ya kupandisha, akaingiza kipya kwenye raba zake, akafunga skrubu mbili, akakipandisha na kukishusha mara nne tukitazama wote kama watu wanaoangalia mtoto akitembea. Giza lilikuwa limeingia. Nikatuma pesa kwa simu nikaenda nyumbani kwa furaha.

Asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa mashariki, nilifungua mlango wa dereva nikaona kitu kama maandishi hafifu kwenye kiti cha abiria. Kivuli. Nikafuata mwanga hadi kwenye kona ya chini ya kioo, nikapangusa vumbi kwa kidole. KCB, kisha namba tatu na herufi moja ambazo sitazitaja hapa. Zimechongwa vizuri, mkono wa mtu anayejua kazi.

Kama unaendesha gari Kenya, huhitaji kuelezwa. Watu huchonga namba ya gari kwenye vioo vya milango, kwenye vile vya kutazamia nyuma, hata kwenye taa, ili mwizi akiving'oa avikose soko. Kila mtu mjini ana hadithi ya jamaa aliyeibiwa kioo cha pembeni usiku, asubuhi akaenda kutafuta kingine, akauziwa kilekile chake. Tunaisimulia kama kichekesho. Mimi pia nimewahi kuisimulia, na watu wakacheka.

"Fundi, Japani gani hii yenye KCB?" nilimuuliza.

Alikuwa amelala chini ya Probox ya mtu, sikuona uso wake. "Mwalimu, hiyo si kitu. Leta hapa tuisugue. Mia mbili tu. Isipoisha tunabandika stika juu."

"Lakini imetoka wapi?"

"Kwani wewe ulitaka kioo ama historia?"

Nilicheka. Ni jibu zuri. Lakini nikiwa njiani kuelekea shule likaanza kunisumbua, kwa sababu ukweli ni kwamba nilitaka kioo *bila* historia, na nililipwa kwa kutaka hivyo. Fikiria: tairi lililotumika ni bei nafuu kwa sababu limechakaa. Betri vilevile. Kioo kinachakaa vipi? Kama hakina mkwaruzo, kilichotumika na kipya vinafanya kazi ileile miaka ileile. Hizo 3,500 nilizookoa zilikuwa punguzo la nini hasa? Sehemu yake ni halali, sikatai. Gari likigongwa vibaya, kampuni ya bima huliuza lilivyo, na mnunuzi hulifungua akauza milango, taa, vioo. Kioo changu kinaweza kuwa kilitoka kwenye gari kama hilo, na mwenyewe alishalipwa zamani, na namba ile ni jina tu kwenye kaburi. Inawezekana kabisa. Pia inawezekana kwamba asubuhi moja mtu alitoka nyumbani akakuta shimo mlangoni. Sijui. Na sikutaka kujua. Hilo ndilo lililokuwa na bei yake.

Pale ofisini kwa walimu kesi yangu ikasikilizwa wakati wa chai. Mwenzangu mmoja alikuwa na hukumu tayari: "Wewe si uliibiwa pia? Basi mmelingana." Wengine wakaitikia. Nakiri kwamba nusu saa nzima hoja hiyo ilinituliza. Kuna utamu katika kudhulumiwa: unahisi kama dunia ina deni lako, na chochote kitakachokuangukia ni malipo ya awali. Ila ukiifuata hoja yenyewe inakupeleka mahali pa ajabu. Aliyenidai mimi ni yule aliyebeba insha. Mwenye KCB hajawahi kunikosea. Kama kuibiwa kwangu kunanipa haki juu ya kioo chake, basi kuibiwa kwake kunampa haki juu ya kioo cha mtu wa tatu, na wa tatu juu ya wa nne, hadi nchi nzima tunaendesha magari yenye milango ya watu wengine, kila mmoja akijiona yeye ndiye aliyeonewa. Mwalimu wa hesabu alisema hiyo tayari ndiyo hali. Tukacheka tena, kengele ikalia.

Sheria haicheki. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inamgusa anayepokea mali ya wizi akijua, au *akiwa na sababu ya kuamini*, kwamba imeibwa, na kifungo chake kinafika miaka 14. Nimelirudia hilo neno "sababu ya kuamini" mara nyingi. Siku ninanunua, sababu yangu ilikuwa ndani ya gunia. Asubuhi ilikuwa inawaka juani. Mtu yuleyule, kioo kilekile, pesa zilishalipwa, na usiku mmoja umebadilisha maswali ninayopaswa kujibu.

Unaweza kusema: basi rudisha. Nilifikiria. Ningekirudisha kwa fundi, yeye angekirudisha Nairobi, na kesho yake kingeuzwa kwa mtu asiyeangalia kivuli kwenye kiti. Au nenda polisi. Hapo wa kwanza kuulizwa angekuwa fundi wangu, mwenye watoto wanne, ambaye faida yake kwenye kazi nzima labda ilikuwa mia tano. Mnyororo huu unakatika kwenye pete nyembamba kila mara. Simtetei, alinidanganya kuhusu Japani. Lakini mimi nilikuwa mteja mzuri wa ule uongo.

Aliyenisaidia kufikiri ni jirani yangu, mzee wa makamo ya sabini, aliyenunua na kuuza mifugo maisha yake yote. Nilimweleza nikidhani nitamchosha. Alisikiliza akiwa anachokonoa meno kwa mswaki, kisha akaniambia nitoe gari nje aone hiyo namba. Akaipapasa kwa kidole gumba.

"Hii ni chapa," akasema.

Huku kwetu kaskazini, Wagabra, Warendille, Wasomali, Waborana, ngamia huchomwa alama ya ukoo, na mtu wa soko anaisoma kama wewe unavyosoma ubao wa matatu. "Ngamia akija na chapa ya watu wengine," mzee aliniambia, "sisi hatumuulizi aliyemleta kama ameiba. Ataapa tu. Tunamuuliza: ametoka vipi kwa wenye chapa akafika kwako? Labda ni mahari. Labda alinunua, labda alipewa na mjomba. Akiwa na jibu na mtu wa kusimama naye, tunanunua. Akikosa, anarudi na ngamia wake."

"Na kama umeshanunua ndio ukaona chapa?"

Alinitazama kwa huruma. "Ngamia mzima, mwalimu? Chapa uione kesho yake?"

Niliposhindwa kujibu akaendelea, kwa upole kidogo. "Basi usichome juu yake. Mwizi ndiye huchoma chapa juu ya chapa. Weka yako kando. Mwenyewe akija siku moja, asome zote mbili."

Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahi kubishana na dunia nzima kwamba miongoni mwa wazee wetu wapo wanaofikiri falsafa kwa vichwa vyao wenyewe, si kukariri tu hekima ya kabila. Kitabu chake *Sage Philosophy* cha 1990 kimejaa mahojiano nao. Chuoni nilikisoma kwa ajili ya mtihani. Sasa mtu wa aina hiyo alikuwa ameegemea gari langu na mswaki mdomoni, na alikuwa ametenganisha mambo mawili ambayo mimi niliyachanganya kwa wiki nzima. Swali la kwanza, kama kioo kiliibwa, huenda nisipate jibu lake kamwe. La pili, kama nina haki ya kuifuta ile namba, jibu lake liko mkononi mwangu. Kununua bila kuuliza ilikuwa uzembe, tena uzembe wenye faida. Kulipa mia mbili ili namba isuguliwe kungekuwa kitendo changu mwenyewe, mchana kweupe, na kingemaliza kazi ambayo mwizi, kama yupo, aliiacha nusu.

Nikafanya la kufanyika. Nililipa shilingi 550 mtandaoni nikatafuta rekodi za gari lenye ile namba. Likatoka jina la mtu na, pembeni yake, jina la benki. Gari lilikuwa bado kwenye mkopo. Simu hakuna. Nikaenda tawi la hiyo benki hapa mjini, nikapanga foleni, nikamweleza dada wa dirishani kuhusu kioo.

"Unataka kulipa mkopo wa nani?" aliuliza.

Nikaeleza tena. Akamwita mwenzake. Nikaeleza mara ya tatu, nikijisikia mjinga zaidi kila mara. Hawakuweza kunipa namba ya mteja, na ni haki yake hiyo, lakini yule wa pili akakubali kuandika yangu kwenye karatasi na kuituma kwa tawi linalohusika. Niliandika: "Nina kioo cha mlango chenye namba ya gari lako. Ukikihitaji, nipigie." Nikiisoma sasa inafanana na barua ya mtekaji nyara.

Ni miezi miwili imepita. Rafiki yangu mwalimu wa dini aliniambia kwamba katika sheria ya Kiislamu kitu kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima kabla aliyekiokota hajajihesabu mwenyewe. Mimi sikuokota, nilinunua, na tofauti hiyo sijaipuuza. Ila nimeuazima ule mwaka. Nimetenga 3,000 ambazo sizigusi, hata mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wa mwalimu mnaujua. Simu ngeni ikiingia nashtuka. Mpaka sasa wamekuwa watu wa mikopo na mtu mmoja aliyekuwa akimtafuta Halima.

Mama hajui chochote. Alhamisi iliyopita alipandisha kioo mwenyewe tulipotoka mjini, akavua leso, akalala usingizi hadi Meru. Namba ilikuwa inchi chache kutoka kwenye shavu lake.

Tulipokuwa tukimsubiri daktari nilitoka nje kumtafuta kijana mmoja anayechonga namba kwenye magari. Nilimpa ya kwangu imeandikwa kwenye karatasi. Akachonga mlango wa nyuma, akazunguka gari, akaja kwenye mlango wa mbele wa kushoto, akainama, akanyamaza.

"Mzae, hapa kuna ingine."

"Najua."

"Niisugue kwanza?"

"Iache. Weka yangu kando."

Alinitazama, akatazama gari, akanitazama tena. Kisha akabandika karatasi yake ya herufi na kuanza, akiacha kati ya namba hizo mbili nafasi ya upana wa vidole viwili.